Chupa Tano za Mzee Keita

Umeme ulikatika saa saba na robo mchana, mji mzima wa Segu, kama kawaida ya mwezi wa nne. Feni zikazunguka kivivu mpaka zikasimama. Mashine ya kusaga mtama ikanyamaza, redio ya muuza nyama ikanyamaza, na cherehani yangu nayo ikanyamaza, sindano ikiwa imezama kwenye kola ya kanzu ya bwana harusi. Nikatoka nje kutafuta mtu wa kumlaumu. Hakuwa mbali. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Zanke Kulibali, fundi redio, mlaji maharage, mwana wa walaji maharage.

Nilimkuta amesimama mbele ya meza yake, mikono kiunoni, akiutazama mgongo wa amplifaya ya marehemu Mzee Keita, mpiga gitaa. Chupa zake tano, zile taa za kioo za amplifaya za kizamani, zilikuwa zinawaka. Ndani ya kila kioo, katikati kabisa, ule uzi mwekundu ulikuwa hai.

"Umeme umekatika," nikamwambia.

"Naona. Mimi si kipofu."

"Basi hizo zinakula nini?"

"Kapasita," akasema, kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Humo ndani kuna vitu vinatunza umeme. Ungesoma ungeelewa. Rudi kwenye vifungo vyako, Namori."

Alikuwa anadanganya, na alijua kwamba anadanganya. Miaka ishirini nimekaa mkabala na duka lile, nimesikia mihadhara yake mpaka masikio yameota sugu. Kapasita hutunza ule umeme mkali wa kupigia muziki. Nyuzi za moto hazitunziwi kitu. Ukizima swichi, kabla hujahesabu ishirini zimeshafifia. Zile tulizitazama mpaka chai ya kwanza ikaiva, tukanywa, ikaja ya pili, tukanywa, na hazikufifia hata kidogo.

Niseme mapema Zanke alikuwa mtu wa namna gani, usije ukamhurumia kabla ya wakati. Alikuwa anavaa koti jeupe la daktari lenye kalamu tatu mfukoni, na mbili hazikuwa na wino. Ukutani alitundika cheti cha masomo kwa njia ya posta, amekiwekea kioo na taa yake peke yake. Mkewe, Sanata, alikuwa binti wa wahunzi, watu wa moto ambao wenye majivuno huwadharau, na Zanke alipenda kuwaambia wageni kwamba alimwoa kwa moyo wa huruma. Mama mkwe wake, Sitan Balo, mfinyanzi, Zanke hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "yule bibi wa matope." Kitu kimoja tu duniani Zanke alikipenda kuliko cheti chake, nacho ni binti yake wa pekee, Nyeleni, wa miaka saba, aliyekuwa akikaa chini ya meza ile na kuchezea vipande vya waya.

Mimi ni Keita. Yeye ni Kulibali. Kwetu hilo linatosha. Sisi ni watani tangu mababu, "mlaji maharage" ndilo tusi letu, na mtani hana mipaka. Asubuhi nikifungua duka humpigia kelele, "Mtumwa wangu, umekula maharage?" Naye hujibu, "Bwana wako ndiye mimi, mlafi wewe!" Naingia dukani kwake nachukua karanga zake bila kuomba, yeye anaingia kwangu anajikatia kitambaa. Kukasirika ni marufuku. Kumwambia mtani hapana ni aibu, na wazee wanasema ni zaidi ya aibu. Na kuna jambo moja ambalo hakuna mtu anayelifanya, hata akielekezewa bunduki: kukubali. Hakuna Kulibali tangu dunia iumbwe aliyesema, ndiyo, mimi ni mtumwa wako.

Sasa nirudi nyuma wiki moja.

Amplifaya ile ililetwa na mjane wa Mzee Keita, Mama Asan, juu ya mkokoteni wa punda, imefunikwa shuka. Mzee alikuwa na siku thelathini kaburini. Bendi yake ilitaka kupiga kwenye arobaini, na mjane alitaka sauti itoke kwenye chombo chake mwenyewe.

"Inafanya kazi," mama alimwambia. "Ipanguse vumbi tu, mwanangu. Usiguse ndani."

Umwambie Zanke asiguse ndani! Mama hajageuza kona, yeye alishaipindua na kufungua sakafu yake, akaanza kucheka peke yake.

"Njoo uone ushamba," akaniita. "Njoo uone kazi ya wazee wenu."

Nilikwenda, nikaona. Kule ndani kuna transfoma, pande la chuma zito kuliko mtoto mchanga. Hilo linachukua umeme wa ukutani na kuushusha mpaka volti sita na kitu, umeme mdogo usioweza kumwumiza hata kuku, lakini una nguvu ya kuupasha uzi mpaka uwe mwekundu. Bila joto hilo chupa ni kioo kitupu, haiimbi. Chupa nne zilikuwa zinakunywa kutoka kisima hicho kimoja, waya mbili zikipita kutoka moja hadi nyingine. Ya tano, ile inayounyosha umeme, ina kisima chake peke yake. Na zile waya mbili, aliyezifunga alizisokota pamoja, kwa kubana, kama wanawake wanavyosuka nywele, akazilaza kwenye kona ya bati. Kisha kutoka katikati ya kisima kile alitoa waya wa tatu, mweusi, akaubana kwenye bati kwa skrubu.

"Huu unakwenda wapi?" nikauliza.

"Hauendi popote. Hiyo ndiyo point yangu." Akaukata kwa koleo, tiki. "Hauwashi kitu, hauzimi kitu. Na huu msokoto! Mtu mzima anasuka waya!" Akazisokotoa zote, akazinyoosha kwa rula, akazipanga sambamba zikapendeza. Kwa hilo sifa zake nampa: zilipendeza sana.

Alipowasha, ilinguruma. Mngurumo mzito, wa chini, usiokuwa na pumzi, wa ng'ombe aliyefungiwa ndani ya kisima. Fundi yeyote mwenye akili ya kuku angejua kosa liko wapi, kwa kuwa msokoto ule na waya ule mweusi ndivyo vinavyounyamazisha moto. Zanke hakukubali kwamba amekosea. Badala yake akaiinamia spika, akaanza utani.

"Kimya, Keita! Hata ukifa unanguruma? Tumbo limejaa maharage, ndiyo maana! Kaburi halijakufunza adabu, mtumwa wangu?"

Ikanyamaza.

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia ikinyamaza ghafla, na nikawasikia kunguru juu ya paa. Halafu ikaanza tena, taratibu, ikapanda na kushuka, ikapanda na kushuka, kama mtu anayejibu.

Mtu mwenye haya angechomoa waya akaondoka. Zanke aliangua kicheko. Alijiona bingwa, ametaniana na marehemu na amejibiwa.

"Mmemsikia? Ananiomba! Keita hawezi kukaa bila kuomba! Haya, chukua, mwizi wewe. Chukua chochote unachotaka ndani ya nyumba hii. Mimi bwana wako nakupa!"

Chini ya meza Nyeleni alicheka pia, kwa vile baba yake alikuwa anacheka. Kisha akasema, "Baba, nasikia baridi."

Ilikuwa mwezi wa nne. Kuku walikuwa wanalala wamefungua mabawa. Nilidhani anacheza.

*

Siku ile umeme ulipokatika, kwa mara ya kwanza tangu utani ule, na chupa zikabaki zinawaka, niliinama kuchungulia chini ya meza. Nyeleni alikuwa amejikunja, magoti kidevuni, amejifunika shuka la mjane. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Aliponisalimia, "Umeshindaje, baba Namori," mvuke ulimtoka mdomoni. Mvuke, saa nane mchana, Segu, kwenye jua la kukaanga mayai.

"Zanke," nikamwita kwa sauti ya chini. "Mtoto."

"Malaria."

"Malaria haitoi mvuke. Mguse."

Akamgusa. Nikauona uso wake ukibadilika, koti lake jeupe na kalamu zake zikabaki zimening'inia kwa mtu mwingine kabisa. Akambeba. Akampeleka uani juani, akamlaza kwenye mkeka, na sisi wawili tukasimama pale tunatoka jasho mpaka kwenye kope huku mtoto akigonga meno. Saa tisa unusu umeme ukarudi, feni zikaanza, amplifaya ikanguruma ngurumo yake ya kawaida, na rangi ikamrudia Nyeleni kidogo kidogo, kama chai inavyoingia kwenye maji.

Hapo ndipo tulipoelewa, ingawa hakuna aliyetaka kusema kwanza. Umeme ukiwepo, chupa zilikunywa ukutani. Umeme ukiondoka, zilikunywa kwa mtoto.

Zanke alirudi dukani mbio. Nitamwambia Mungu siku ya hesabu kwamba alijitahidi. Alizisokota zile waya upya, akaurudisha ule mweusi kwenye skrubu yake, risasi ya kulehemu ikidondoka kwenye viatu vyake. Mngurumo haukupungua. Akachomoa waya wa ukutani. Chupa zikabaki nyekundu, na kutoka uani Sanata akapiga ukelele, "Zanke! Anaganda! Unafanya nini huko?" Akachomeka upesi. Akashika chupa ya kwanza, ile ndogo, kwa kitambaa, akaitikisa ikatoka kwenye tundu lake. Ukelele wa pili wa Sanata sitausahau. Mkono wa kushoto wa Nyeleni, kuanzia kwenye vidole hadi kiwiko, uligeuka mweupe na mgumu kama chaki, na haukurudi mpaka chupa iliporudishwa.

Ndipo spika ikasema. Sitadai kwamba yalikuwa maneno kama haya yetu. Ulikuwa ule mngurumo umekunjwa ukafanana na maneno, na ulinuka, ndiyo, ulinuka, nta ya transfoma iliyoungua pamoja na nywele.

"Ulinipa," ikasema. "Mtumwa wangu, ulinipa."

Sanata alimleta shehe wa mtaa wa pili, mtu mtulivu asiyependa makuu. Alisoma, akasikiliza, akasoma tena. Kisha akavaa ndala zake.

"Huyu si marehemu," alisema. "Marehemu amelala salama. Huyu ni jini, alikuwa amelala mle muda mrefu, mzee alimjua na alimwacha alale. Nyinyi mmemwamsha mkampa ukoo wa Keita. Ningekuwa namtoa mgeni, ningemtoa. Siwezi kumtoa mtani wenu. Mwenye kumwita ndiye mwenye kauli." Hakuchukua zawadi, hata kokwa moja ya kola ya kutafuna.

Jioni ile gari lenye spika lilipita mtaani likitangaza. Kesho, tangu alfajiri hadi magharibi, hakutakuwa na umeme mji mzima, nyaya zinabadilishwa. Wananchi mnaombwa uvumilivu. Sanata aliposikia alikaa chini palepale mlangoni, kwenye vumbi, akiwa amemkumbatia mtoto. Saa mbili na robo za leo zilitosha kumfanya majivu. Kesho zilikuwa saa kumi na mbili.

"Nenda kamlete mama yangu," akamwambia mumewe.

"Bibi wa—"

"Malizia," Sanata akamwambia. "Malizia neno hilo nikusikie."

Akavaa viatu, akaenda.

*

Sitan Balo alifika na mkokoteni wa kwanza, jua halijapasua. Mwanamke mfupi, mkavu, vidole vimejaa masizi ya tanuri ya vyungu. Hakumsalimia mkwewe. Alimwangalia mjukuu, akaiangalia amplifaya, akauweka mkono wake juu ya transfoma, akauacha pale muda ambao mimi nisingeweza.

"Moto unataka mahali pa kushukia," alisema. "Ulikuwa na waya mweusi ulioushusha?"

"Ulikuwepo," Zanke akasema.

"Ukaukata."

"Nimeshaurudisha, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Mimi nilicheka moyoni, nakiri. Mtu hubadilika adabu haraka akishikwa pabaya.

"Umeurudisha baada ya kufungua mdomo. Ulimwambia nini? Neno kwa neno."

Akamweleza, akitazama sakafu. Alipofika kwenye "chukua chochote," yule bibi alifumba macho.

"Mjinga," alisema, bila hasira. "Tangu lini unataniana na kitu ambacho hukioni uso? Utani ni wa watu wawili wanaojua watakufa. Yeye hafi. Ataendelea kukuchukulia mpaka nyumba iishe, na hana kosa, ni haki yake, ulimpa."

"Nitamwambia hapana."

"Mtani humwambii hapana. Ukimkatalia anakuwa adui, na mtoto yuko mkononi mwake. Unataka kuanzisha vita na mtu aliyemshika mwanao koo?"

Umeme ukakatika. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Nyeleni akavuta pumzi moja ndefu kama mtu anayeingia mtoni.

Zanke alikuwa na hila moja iliyobaki, na ilikuwa hila ya fundi kweli. Nyuzi zile zinataka volti sita. Betri ya pikipiki kuukuu ni volti sita. Alizunguka mtaa mzima akigonga milango, mtu aliyekuwa hawasalimii watu wenye baiskeli, akarudi na betri saba kwenye toroli. Akaunganisha ya kwanza kwenye zile waya mbili. Mtoto akafumbua macho, akaomba uji. Sanata akaanza kulia kwa furaha, na mimi nikaanza kuamini cheti cha ukutani. Betri ile ingepaswa kudumu saa nzima na ushee. Ilidumu dakika kumi na moja, ikavimba, ikapasuka ubavuni. Ya pili dakika tisa. Ya tatu sita. Kadiri alivyomlisha jini yule ndivyo chupa zilivyozidi kung'aa, kutoka wekundu kwenda rangi ya chungwa, kutoka chungwa kwenda njano, na mngurumo ukawa mkubwa hadi sufuria za Sanata zikacheza kwenye kabati, na watu wa mtaa wakajaa mlangoni wameshika midomo, hakuna aliyethubutu kuingia wala aliyeweza kuondoka, na betri ya saba ilipokufa saa tatu haijafika ile sauti ilicheka, ikacheka kwa raha, kama mtani anavyocheka akimaliza karanga zako zote na kukurudishia kikapu.

"Tamu," ikasema. "Leta ile nyingine. Leta ile ndogo yenye damu."

Uani, umande wa barafu ulikuwa umeshika kope za Nyeleni. Hakuwa anatetemeka tena, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Sitan akamshika Zanke begani kwa ule mkono wa masizi, na alama zikabaki kwenye koti jeupe.

"Kuna mlango mmoja," alimnong'oneza, lakini chumba kilikuwa kimya nikasikia. "Utani unakwisha mmoja akikubali. Ukikubali, hamna mchezo tena kati yenu. Unakuwa kile ulichokubali kuwa, na mtumwa ana bwana, na bwana hali mtoto wa mtumwa wake kama ana mtumwa mwenyewe. Umenielewa? Sitakwambia fanya. Nakwambia mlango uko wapi."

"Mbele ya watu?"

Ndiyo, aliuliza hivyo! Mwanawe ana barafu machoni, yeye anauliza kama ni mbele ya watu. Nilimdharau pale kuliko nilivyowahi kumdharau maishani, nikataka kumpiga kofi.

"Utani ulisikika mtaani," yule bibi akajibu. "Na kukubali kusikike mtaani."

Zanke akawatazama watu mlangoni. Muuza nyama. Muuza chai. Wateja wake, wale aliowaita mbumbumbu. Mimi. Akavua koti, akalikunja vizuri, kalamu kwa ndani, akaliweka juu ya kiti. Kisha akapiga magoti mbele ya lile sanduku, mtu ambaye hata msikitini alikuwa akichagua mahali pasipo na vumbi, na akaanza kwa sauti ndogo, na yule bibi akasema kwa nguvu zaidi, na akaanza upya.

"Mimi ni mlaji maharage," alisema Zanke Kulibali. "Baba yangu alikula maharage. Babu yangu aliiba maharage shambani kwenu akayala mabichi. Wewe ni bwana wangu. Sisi Kulibali sote hatuna heshima iliyozidi yenu, lakini hao wengine siwasemei, najisemea mimi. Mimi Zanke, mwana wa Ngolo, ni mtumwa wako. Sikutanii. Nimekubali. Ulichokuja kuchukua, kiko hapa kimepiga magoti, mwache yule."

Hakuna aliyecheka. Mwaka mzima tungekuwa na la kucheka, na hakuna hata mtoto aliyecheka. Muuza nyama aligeuza uso.

Mngurumo ukasimama. Chupa zikafifia polepole, njano, chungwa, wekundu, wekundu wa giza, mpaka nikaona kioo kitupu na nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Uani Nyeleni akakohoa, akalia kilio kikubwa cha mtoto mzima wa afya, "Mama, joto! Niondolee shuka, joto!" Na wakati sote tumegeukia sauti ile, nyuma yetu, bila waya wa ukutani, bila betri, chupa zikawaka tena. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Na ile ya tano. Zanke alikuwa bado amepiga magoti. Mvuke ulimtoka puani.

*

Mama Asan hakuja kuichukua amplifaya yake. Arobaini ilipigwa kwa gitaa kavu, na watu walisema ilikuwa nzuri.

Zanke anakaa dukani tangu asubuhi hadi jioni, kwenye kiti, blanketi mbili mabegani, mbele ya zile chupa tano. Harekebishi redio za watu. Amezisokota zile waya vizuri sasa, na kila siku anauangalia ule waya mweusi kama skrubu imekaza. Bwana wake hapendi kelele. Sanata anamletea uji wa moto, na kabla haujafika midomoni umeganda utando. Nyeleni anapita akikimbia na wenzake, jasho linamtiririka hadi shingoni, na Zanke huliangalia jasho lile kwa muda mrefu. Nadhani ndilo pekee analolitazama kwa hiari yake.

Mimi sikuwa na huruma na mtu yule kwa miaka ishirini, na sioni haja ya kuanza kujifanya. Alikuwa bwege mwenye majivuno na amelipata alilolitafuta. Lakini mtaa umekuwa kimya mno, na asubuhi nikifungua duka sina wa kumtukana.

Juzi nikashindwa. Nikavuka barabara, nikasimama mlangoni pake, nikachota karanga kwenye kopo lake bila kuomba. Nikamwambia kwa sauti yetu ileile ya zamani, "Zanke! Mtumwa wangu! Umekula maharage leo?" Na nilikuwa namwomba Mungu, nilimwomba kwa dhati, anitukane.

Aligeuza shingo taratibu. Hakunigeukia mimi, aligeukia zile chupa.

"Bwana," alisema kwa unyenyekevu, "kuna mtu ananiuliza. Nimjibu?"

Chupa zikanguruma mara moja, kwa ufupi. Zanke akainamisha kichwa. Nikazirudisha karanga kwenye kopo, zote, nikaenda zangu.